HOTUBA JUU YA KUBADILI SPRINGI ZA GARI LA MIZIGO NYUMBANI

(Hotuba hii ilisomwa na mwalimu mmoja mbele ya baraza ya wakulima katika vilima vya Taita. Tumeichapa kama alivyoisoma, ila tumepunguza maneno ya salamu.)



Nimeombwa nisimame mbele yenu niseme habari za springi. Huenda mtu akauliza, springi zina nini na baraza? Jibu lake ni hili. Kabichi na nyanya zetu hushuka kutoka Wundanyi mpaka Mwatate, kisha Voi, na nyingine hufika Mombasa, mwendo wa kilomita zaidi ya 150 kutoka Voi peke yake. Kabla ya kufika kwenye lami zimekwisha kupigwapigwa katika njia za vijijini, zenye mawe, na mashimo, na migongo midogo midogo iliyofanana na bati. Gari moja likilala njiani kwa springi iliyokatika, anayepata hasara si mwenye gari tu. Mboga za watu kumi huoza pamoja.

Na kwa kuwa mafundi wa mjini wako mbali, tena hutaka fedha nyingi, wengi wetu tumeanza kubadili springi wenyewe, nyumbani, chini ya mparachichi. Sisemi kwamba ni vibaya. Mimi mwenyewe nafanya hivyo. Lakini tazameni mkono wangu huu wa kushoto. Kidole hiki cha shahada hakina ncha. Watoto wa shule hudhani niliumwa na mamba, nami sikuwahi kuwasahihisha mpaka leo.

Mwaka 2014 nilikuwa nikibadili springi ya nyuma ya gari langu. Nilikuwa nimeinua fremu na kuiweka juu ya matofali ya saruji, yale yenye matundu katikati, kwa maana niliyaona mazito na makubwa. Ekseli ilikuwa juu ya jeki. Springi mpya nilikuwa nimekwisha kuifunga mbele na nyuma, ikabaki kuikalisha juu ya ekseli, nami nikawa nikipapasa kwa kidole kutafuta tundu la bolti ya katikati. Tofali likapasuka. Halikutoa ishara yo yote. Lilipasuka kama yai. Fremu ikashuka pamoja na springi, kidole kikiwa kati. Nashukuru kwamba kilikuwa ni kidole, kwa maana dakika chache kabla ya hapo nilikuwa nimelala chini ya gari lile, na kifua changu kilikuwa mahali palipoangukia fremu.

Basi, kabla ya kushika spana, yafaa tujue springi ni kitu gani. Springi ya gari la mizigo ni mabamba ya chuma cha pua yaliyopangwa moja juu ya jingine, refu juu na fupi chini, yakabanwa kwa bolti moja katikati. Kazi yake ni kuchukua mzigo na kupinda, kisha kurudi. Mwingereza mmoja mwenye elimu, Robert Hooke, alieleza katika mwaka 1678 kwamba springi hupinda kwa kadiri ya uzito inaochukua. Ukiongeza mzigo mara mbili, hupinda mara mbili. Wenye magari ya farasi huko Uingereza wakaja wakaitumia sana, hasa baada ya Obadiah Elliott wa London kupata hati yake ya springi za mabamba mnamo 1804. Kanuni ile ndiyo iliyo chini ya magari yetu hata leo.

Shokomzoba ni kitu kingine. Yeye hachukui mzigo. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Nalisema hili kwa sababu nimewaona watu wakinunua shokomzoba mpya kwa kuwa gari limelala upande mmoja. Wamepoteza fedha zao. Gari linalolala upande lina ugonjwa wa springi. Gari linalorukaruka kama mbuzi baada ya kila shimo, au ambalo shokomzoba yake inavuja mafuta, hilo ndilo lenye ugonjwa wa shokomzoba.

Namna ya kupima ni rahisi. Lisimamishe gari tupu mahali palipo sawa. Chukua futi ya fundi cherehani, upime tangu katikati ya gurudumu la nyuma mpaka ukingo wa bodi ulio juu yake, upande wa kulia, kisha upande wa kushoto. Vipimo vikitofautiana sana, iko sababu. Ingia chini ukiwa na tochi, usafishe matope, utazame kila bamba. Ufa huonekana kama mstari wa kutu unaokatiza bamba, na mara nyingi huwa karibu na bolti ya katikati au karibu na jicho la springi. Tazama bushi, yaani mpira ulio ndani ya jicho: ukiwa umechanika au umesogea upande, ndio unaopiga kelele ile ya “ko, ko” unapokanyaga breki. Kisha tazama zile bolti zilizopindwa mfano wa herufi U, ambazo mafundi huziita yubolti. Hizo ndizo zinazoifunga ekseli kwenye springi. Zikilegea, springi huanza kucheza, bolti ya katikati hukatika, na ekseli husogea nyuma upande mmoja. Gari la namna hiyo hutembea kwa ubavu kama kaa. Bila shaka mmekwisha kuyaona.

Sasa habari za kununua. Nunua springi za pande zote mbili kwa pamoja, ijapokuwa iliyovunjika ni moja. Mpya haiwezi kuwa na nguvu sawasawa na ile iliyochoka, na gari litakuvuta upande. Nenda dukani na ya zamani, au na vipimo vyake: urefu tangu jicho mpaka jicho, idadi ya mabamba, upana wake, na unene wa bolti inayopita katika jicho. Nunua na bushi mpya, na yubolti mpya pamoja na nati zake. Yubolti za zamani usizirudishe. Zilikwisha kuvutika zilipokazwa mara ya kwanza, na uzi wake umeliwa na kutu. Zitakazika mkononi lakini hazitashika.

Kuna mambo mawili ambayo watu hufanya ili kuokoa fedha, nami nayakataa. La kwanza ni kulichomelea bamba lililopasuka. Chuma cha springi kilipata ugumu na unyumbufu wake kwa kuchomwa, na kuzimwa, na kuchomwa tena kwa kiasi. Moto wa kuchomelea huiharibu kazi hiyo yote, na pale kando ya mshono chuma huwa kama kigae. Bamba lile litakatika tena, na litachagua kukatika siku ya mzigo, kwenye mteremko. La pili ni kuongeza mabamba mawili au matatu ili gari lichukue magunia zaidi. Gari halitalala, ni kweli. Lakini breki ni zile zile, ekseli ni ile ile, tairi ni zile zile, na fremu ni ile ile. Umeondoa dalili ya mzigo kupita kiasi, mzigo wenyewe haukuondoka. Tena magari mengi madogo ya mizigo yana kifimbo kidogo cha chuma kinachounganisha ekseli na kifaa cha breki kilicho juu yake, ili breki za nyuma zipate nguvu kwa kadiri gari lilivyolemewa. Ukiinua nyuma ya gari kwa springi nene, kifaa kile hudhani gari ni tupu, na breki za nyuma hupungua nguvu wakati ambapo una tani moja mgongoni. Springi zikibadilisha kimo cha gari, kifimbo hicho hakina budi kurekebishwa na mtu ajuaye.

Siku moja kabla ya kazi, sugua nati zote kwa brashi ya waya na kuzitia mafuta ya kulainisha kutu. Yaache mafuta yalale humo usiku. Usilete moto. Tangi la mafuta liko karibu, na mpira wa bushi ukiungua hutoa moshi mbaya. Nati isiyofunguka kwa mafuta hukatwa kwa msumeno wa chuma. Ni kazi ya jasho, lakini msumeno haulipuki.

Chagua mahali palipo sawa na pagumu. Udongo wetu baada ya mvua humeza jeki, kwa hiyo chini ya jeki uweke ubao mnene na mpana. Kabla ya kuinua, legeza nati za magurudumu kidogo, gari likiwa bado chini. Kisha tia kabari kwenye magurudumu ya mbele, mbele yake na nyuma yake, kulia na kushoto. Mtu atasema, “Mimi nimevuta breki ya mkono, tena nimeingiza gia.” Ndugu yangu, katika magari yetu mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, nayo ndiyo unayotaka kuyainua. Yakiwa hewani, breki hiyo inashika hewa. Na gia hivyo hivyo: gurudumu moja la nyuma likiinuka tu, difu huliruhusu lizunguke bure, na gari laweza kutembea. Kabari za mbele ndizo pekee zinazolizuia.

Inua nyuma ya gari kwa jeki iliyo chini ya difu. Kisha weka stendi mbili za chuma chini ya fremu, mbele kidogo ya mahali springi inapofungwa. Usiziweke chini ya ekseli, kwa maana ekseli ni lazima iweze kupanda na kushuka wakati wa kazi. Shusha jeki pole pole mpaka fremu ikae juu ya stendi, kisha urudishe jeki iguse ekseli tu na kuishikilia. Asiye na stendi na apange magogo ya mti mgumu, yaliyokatwa kwa mraba, mawili huku na mawili kule, yakipishana kama ukuta wa zizi. Mawe hapana. Matofali ya udongo hapana. Matofali ya saruji nimekwisha kuwaonyesha kidole. Magurudumu uliyoyatoa yalaze chini ya fremu, kando ya stendi. Hayali chakula yakikaa hapo, na kila kitu kingine kikishindwa, yatakuachia nafasi ya kupumua. Halafu, kabla hujaingia chini, lisukume gari kwa nguvu kwa bega lako. Kama ni la kuanguka, na lianguke wewe ukiwa nje.

Fanya upande mmoja kwanza, ule mwingine uache kama ulivyo. Kwa njia hiyo ekseli haitatangatanga, tena utakuwa na mfano wa kutazama ukisahau kitu kilikaa vipi. Fungua shokomzoba chini, ili ekseli ipate kushuka, lakini uutazame mpira wa breki unaotoka kwenye fremu kwenda kwenye ekseli. Usiuache ukavutika. Legeza nati nne za yubolti kidogo kidogo kwa zamu, utoe kibao cha chini, kisha utoe bolti ya jicho la mbele na vile vibao viwili vinavyobembea jicho la nyuma. Springi nzima hupita kilo 20, kwa hiyo uwe na mtu wa kukusaidia, aliye mtu mzima na asiyeshika simu.

Kabla ya kuingiza mpya, itazame bolti ya katikati. Katika springi nyingi haiko katikati hasa. Upande mmoja ni mfupi. Linganisha na ya zamani ili usiigeuze mbele nyuma. Bushi za mpira zilainishwe kwa maji ya sabuni. Usitie grisi wala mafuta ya injini, kwa kuwa huula mpira ukavimba na kulegea. Funga jicho la mbele kwanza, kisha la nyuma, nati zote kwa mkono tu. Halafu inua ekseli kwa jeki pole pole mpaka kichwa cha bolti ya katikati kiingie ndani ya tundu lake. Hapo ndipo nilipopotezea kidole. Tumia tochi na macho, na kama ni lazima kusogeza kitu, sogeza kwa bisibisi ndefu. Kichwa kile kisipoingia sawasawa, yubolti zitakazika na wewe utadhani umemaliza, kumbe ekseli imekaa juu ya kichwa cha bolti kama mtu aliyekalia jiwe. Siku ya kwanza ya njia mbaya itateleza.

Nati za yubolti hukazwa kwa kupishana, huku kidogo na kule kidogo, mpaka uzi uliojitokeza uwe sawa pande zote. Mwisho utumie spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari lako. Magari hutofautiana, kwa hiyo sitawatajia hesabu moja ya kuwapoteza.

Sasa nafika penye kosa ambalo nimeliona kuliko yote, nami nililifanya mara mbili kabla ya kufundishwa na fundi mzee wa Voi. Bolti za macho ya springi, ya mbele na ya nyuma, hazikazwi gari likiwa hewani. Rudisha magurudumu, shusha gari chini, lisukume nyuma yake juu na chini mara kadhaa mpaka litulie katika kimo chake, ndipo uzikaze. Sababu yake ni hii. Bushi ya mpira haizunguki. Hushikwa katikati na bolti, hushikwa nje na jicho, nayo hujipinda tu na kurudi. Ukiikaza springi ikiwa inaning'inia, umeiambia bushi kwamba huko ndiko nyumbani. Ukishusha gari, mpira hujipinda na kubaki umejipinda usiku na mchana, hata gari likiwa limesimama. Ukiongeza mzigo na shimo, huchanika. Bushi zangu za kwanza hazikumaliza miezi miwili, nami nikamlaumu mwenye duka mbele ya watu. Nilikwenda baadaye kumwomba radhi.

Ukimaliza upande wa pili, pima tangu katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, kulia na kushoto. Vipimo viwe sawa. Endesha gari tupu kwanza, polepole, ukijaribu breki mahali pasipo na watu. Baada ya kilomita kama 100 rudi chini ukakaze yubolti tena, na tena baada ya kilomita 500, kwa maana mabamba mapya hujipanga na kubanana, na nati hulegea bila ya kosa la mtu. Wengi huisahau kazi hii kwa kuwa gari linakwenda vizuri. Tena usiku utazame taa: nyuma ikiinuka, mbele huinama, na taa zilizokuwa zikimulika mbali huanza kumulika miguu.

Kazi nyingine sitaki mzifanye nyumbani. Magari mengi ya siku hizi yana springi za kuzunguka kama parafujo katika magurudumu ya mbele. Springi ile imebanwa. Ndani yake mna nguvu inayongoja. Ukiifungua bila kifaa kizima cha kuibania, hutoka kama risasi, na wako watu waliopigwa usoni wakafa. Hiyo ipelekeni kwa fundi, hata kama ni mbali, hata kama anataka fedha nyingi. Vivyo hivyo, ukikuta ufa katika fremu yenyewe, acha kazi ya springi mpaka fremu itazamwe.

Springi zenu za zamani msizitupe mtoni. Wahunzi huzinunua, na panga lililotengenezwa kwa bamba la springi hukaa na makali yake kuliko mengi ya dukani.

Mwisho, nina stendi mbili za chuma nyumbani kwangu, nilizozinunua mwezi ule ule kidonda kilipopona. Mwenye kuzihitaji na aje azichukue, bila malipo, ila aandike jina lake katika daftari lililo kwa mke wangu na kuzirudisha kabla ya siku ya soko. Sasa hivi ziko kwa mtu ambaye amekaa nazo tangu mwezi wa Machi. Yuko hapa barazani, ananisikia.